Akina Mama wa Benaco

Wajukuu zangu, watoto wa Marekani husimuliwa habari za wanawake wa karne ya 19 waliohamia magharibi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakaanza maisha upya katika nchi iliyokuwa na wenyewe tayari. Na sisi wa Kagera tunao wetu, na wengi wangali hai.

Mwaka 1994 Rwanda kulikuwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na vita vilikuwa vikisogea mpakani. Tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilaya yetu ya Ngara, Tanzania. Wauaji nao walijichanganya humo, lazima mjue. Lakini walio wengi walikuwa wanawake na watoto. Wageni wakawazidi wenyeji wa wilaya nzima.

Pale Benaco, kambi yao huko Ngara, hapakuwa na nyumba ya kuwapokea. Mama alikata miti, akaifunga kwa kamba, akaezeka kwa nyasi, kisha turubai la UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, likaja juu yake. Hapo mtoto mgongoni, na dumu la maji linamsubiri kwenye foleni.

Taabu kubwa ilikuwa kuni. Mgao ulikuwa mahindi na maharage makavu, na mnajua maharage yanavyokula kuni! Miti ya karibu ikaisha, safari ikawa ndefu, na porini mwanamke hakuwa salama. Basi wakajifunza kufinyanga majiko: udongo na nyasi zilizokatwakatwa, vikikandwa kwa maji mpaka vishikane, halafu unauzungushia sufuria, unaacha mlango wa kuni. Jiko likikauka vizuri, moto haupotei ovyo. Maharage nayo yakalazwa majini usiku kucha ili yaive upesi.

Wanawake wa Kihangaza na Kishubi, wenye ardhi, nao waliona kuni zikienda mbali na mazao ya shambani yakiibwa. Hata hivyo waliuza ndizi na viazi, wakabadilishana kwa mahindi na mafuta ya mgao. Wakimbizi wengine walilima mashamba ya wenyeji kwa kibarua. Mimi nawahesabu wenyeji hawa sawa na wakimbizi wale: kupokea nako ni kazi.

Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao. Wakimbizi wa Burundi, waliokuwa nao Ngara, waliendelea kuishi kambi ya Lukole hadi ilipofungwa mwaka 2008. Benaco leo ni mji mdogo wa barabarani. Mkienda Ngara au Biharamulo, waulizeni bibi zenu waliishije miaka ile, mkaandike majibu yao kwenye daftari.