Bamia Ni Mboga

"Daktari, ute wa goti langu umekwisha. Nile nini urudi?"

Hakuna siku ya kliniki inayopita bila swali hili. Na anayeuliza huwa ameshajijibu. Kwenye mkoba ana chupa ya maji ya bamia zilizolowekwa usiku kucha, au ametokea moja kwa moja kwenye supu ya makongoro. Anachotaka kwangu ni kipimo tu: bamia saba au kumi? Kabla ya chai au baada? Nimejibu kwa upole, dakika mbili mbili, kwa miaka. Leo najibu mara moja, kwa wote.

Ute haujaisha.

Goti zima la mtu mzima lina ute usiojaa kijiko cha chai. Kiasi hicho kinalitosha maisha yote. Goti lililosagika, tena, mara nyingi lina ute mwingi kuliko goti zima: likivimba tunachoma sindano na kuvuta mililita 30, 40, wakati mwingine zaidi. Kama ugonjwa ungekuwa uhaba wa ute, wenye magoti yaliyojaa maji ndio wangekuwa wa kwanza kupanda ngazi mbiombio. Kinacholika ni gegedu, ule mfuniko mweupe, mgumu kiasi na wenye utelezi, unaozifunika ncha za mifupa. Anayehangaika na ute ni sawa na dereva anayeongeza oili kila asubuhi huku tairi zote ni kipara.

Kosa hili tumelipanda sisi wenyewe, watu wa hospitali. Eksirei haionyeshi ute, wala gegedu lenyewe, inaonyesha mfupa. Ile nafasi nyeusi kati ya mfupa wa paja na wa muundi ndipo gegedu linapokaa. Nafasi ikibana, gegedu limelika. Lakini mhudumu mwenye foleni ya watu hamsini mlangoni huona ni rahisi kusema "ute umekwisha". Ni maneno mawili, mgonjwa anaitikia kwa kichwa, na anayefuata anaingia. Mgonjwa naye anatoka akiwa na hoja isiyo na kasoro: kilichokwisha kinaongezwa, chenye utelezi kinaongezwa kwa utelezi, kwa hiyo bamia, mlenda na makongoro. Ule mlio wa goti anapoinuka kitini unamthibitishia. Amesikia bawaba kavu. Kumbe magoti mazima pia hulia, na goti lililojaa maji hadi kuvimba linaweza kulia vilevile.

Sasa tuifuate bamia safari yake. Utelezi wake ni sukari zilizoungana katika minyororo mirefu, ambayo utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuikata. Haiingii kwenye damu. Inateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanajilia sehemu yao, iliyobaki inatoka. Ndiyo maana bamia inasaidia choo, na kwa hilo nampongeza anayeila. Ila goti haliko huko.

Makongoro nayo? Kile kinachonatisha midomo ni kolajeni. Tumbo linaikatakata kuwa amino asidi na vipande vidogo vya protini, kama linavyofanya kwa maharage na dagaa, kisha mwili unavipeleka unakotaka wenyewe. Havina anwani ya goti. Kama kula mguu wa ng'ombe kungetengeneza mguu wa mtu, wala ulimi wote wangekuwa mawakili. Ute wa goti hutengenezwa na utando wa ndani wa kiungo chenyewe, kutokana na majimaji ya damu, na utando huo huongeza asidi ya hayaluroniki inayoupa mnato. Hakuna bomba kati ya sufuria na utando huo.

Mbishi atasema: basi tusipitie tumboni, tuuweke utelezi moja kwa moja ndani ya goti. Hilo nalo limejaribiwa. Zipo sindano za asidi ya hayaluroniki, kitu kilekile kinachoupa ute mnato wake, na bei yake si ya kitoto. Mwaka 2022 jarida la BMJ lilichapisha mapitio ya tafiti 169 zilizohusisha watu zaidi ya 21,000. Sindano hizo zilipunguza maumivu kwa kiasi kidogo mno, ambacho mgonjwa hawezi kukihisi kama nafuu ya maana, na waliochomwa walipata madhara makubwa mara nyingi zaidi kuliko waliochomwa sindano zisizo na dawa. Kama kuuweka utelezi kwenye goti kwa sindano hakusaidii, kuuweka kwenye bakuli kutasaidia vipi?

Na vile vidonge vya glukosamini na kondroitini ambavyo watoto walioko nje huwatumia wazazi? Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2006 uliwafuata watu 1,583 wenye maumivu ya goti. Kwa jumla, vidonge hivyo havikuvishinda vidonge visivyo na dawa yoyote. Lakini tazama jambo jingine katika utafiti huohuo: kati ya waliomeza vidonge vitupu, 60 katika kila 100 walipata nafuu, maana maumivu yao yalipungua angalau kwa asilimia 20. Vidonge vitupu! Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huanza bamia siku yamepanda kabisa. Wiki mbili baadaye yameshuka, kama ambavyo yangeshuka hata angelamba chumvi. Basi jirani anaapa, na jirani wa jirani anaanza kuloweka. Simwiti mwongo. Nafuu ameipata kweli. Aliyempa ndiye amemkosea jina.

"Lakini daktari, bamia ina madhara gani?" Bamia haina. Madhara yanatokana na muda. Katika miaka mitatu ya kuloweka, misuli ya paja inasinyaa, goti linaanza kukataa kunyooka, mguu unapinda. Supu yenye mafuta kila asubuhi inaongeza uzito. Bamia ikishindwa, mtu anahamia kwenye unga usio na jina unaoondoa maumivu kwa siku mbili. Maabara katika nchi mbalimbali zimekuta unga wa namna hiyo umechanganywa kimyakimya na steroidi au diklofenaki, zinazoharibu tumbo, figo na sukari ya mwili. Au anachanjwa chale juu ya goti, kisha anakuja kwangu na vidonda mahali palepale ninapotaka kupasua. Kwa goti la bandia hakuna adui mkubwa kama vijidudu, kwa hiyo namrudisha nyumbani akapone ngozi kwanza. Zaidi ya yote, goti linalofika mezani likiwa limekakamaa huwa halikunjiki sana hata baada ya upasuaji. Hilo tunaliona katika tafiti na tunaliona wodini. Gharama ya bamia ni hiyo.

Haya, yanayosaidia, harakaharaka.

Uzito: kila kilo moja unayopunguza inalipunguzia goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Mazoezi ya misuli ya paja, mara mbili tatu kwa wiki, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia mwanzoni. Yatauma kidogo, na hayalimalizi goti. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa goti zima, si upande unaouma. Diklofenaki ya kupaka kabla ya ile ya vidonge. Mwenye presha, figo au vidonda vya tumbo asijinunulie vidonge dukani. Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza kwa wiki kadhaa. Si ya kuchomwa kama chanjo ya ratiba: utafiti wa mwaka 2017 uliowachoma wagonjwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili ulikuta gegedu likipungua zaidi, na maumivu hayakutofautiana na ya waliochomwa maji ya chumvi. Na ukichomwa, upasuaji usubiri takribani miezi mitatu, kwa sababu ya hatari ya vijidudu.

Upasuaji wa kubadilisha goti hauliondoi goti zima. Tunakata kama sentimita moja ya ncha za mifupa iliyosagika, tunazivika chuma, na katikati tunaweka plastiki ngumu. Unafanyika hapa nchini, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ikiwemo. Je, unashinda mazoezi? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watafiti wa Denmark waliwagawa kwa kura wagonjwa 100 waliofaa kupasuliwa. Nusu walipasuliwa kisha wakapewa mazoezi, lishe, dawa na mafunzo. Nusu walipewa hayo bila kisu. Baada ya mwaka, waliopasuliwa walipanda wastani wa alama 32 kwenye kipimo cha 100, wenzao 16. Kisu kilishinda. Lakini matukio mabaya makubwa yalikuwa 24 kwa waliopasuliwa na 6 kwa wasiopasuliwa, na kati ya wale 50 wa bila kisu, ni 13 tu waliokwenda kupasuliwa ndani ya mwaka huo. Anza na mazoezi, basi. Yakishindwa kwa uaminifu, na usingizi na mwendo vikiwa vimeharibika, usiogope meza.

Ukikubali, jua haya. Sukari idhibitiwe kabla. Utasimama siku hiyohiyo au kesho yake, na itauma. Ndugu wenye huruma wasikuwekee mto chini ya goti: ni raha ya leo na goti lisilonyooka mwezi ujao. Mto ukae chini ya kisigino. Wiki sita za kwanza za kukunja na kunyoosha ndizo zinazoamua mengi, na mashine ya kukukunjia goti kitandani haichukui nafasi ya jasho lako. Choo cha kuchuchumaa tafutia mbadala, na anayeswali aandae kiti. Karibu mtu mmoja kati ya watano hubaki na maumivu ya muda mrefu. Atakayekuahidi goti la ujana anakudanganya. Wengi waliobaki wanarudi sokoni kwa miguu yao, na magoti ya bandia takribani 82 katika kila 100 yanadumu miaka 25.

Kwa hiyo ukija kliniki, niambie unatembea umbali gani kabla ya kusimama, unaamka mara ngapi usiku, na kama unaweza kuinuka kitini bila kushika kitu. Kwa hayo nitajua nikupe mazoezi au tarehe ya upasuaji. Bamia iache jikoni. Kwa ndimu na nazi ni tamu sana.