Ufunguo Mkononi mwa Mjomba

Masika yakikaribia, mwezi wa Machi, nyumba kadhaa za Visiga, Mlandizi na vilima vya Kisarawe hufungwa madirisha. Wenyewe wanarudi Uingereza, Sweden au Marekani. Wengi ni wastaafu waliofanya kazi ughaibuni miaka mingi, wakajenga Pwani ili wapate pa kukimbilia baridi. Huingia Novemba na vuli, wakaondoka kule kunapoanza kupata joto. Kuku hugawiwa majirani, friji huzimwa na kuachwa wazi. Linabaki gari.

Na gari lenyewe aghalabu limenunuliwa hapa hapa. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humpa msamaha wa ushuru wa gari moja mtu anayehamisha makazi kurudi nyumbani, alilolimiliki na kulitumia nje kwa miezi 12 au zaidi. Anayekuja na kuondoka hahesabiwi kuwa amehamia. Basi hununua Dar es Salaam, akalitumia miezi minne, kisha likalala minane.

Anayelitazama jambo hili kwa mbali hudhani ni habari ya banda na turubai. Kwa Wazaramo wa Kisarawe ni habari ya amana, na amana ina adabu zake.

Niliwahi kukaa jamvini kwenye makabidhiano ya namna hiyo, kijiji kimoja cha njia ya Maneromango. Mama mmoja alikuwa anasafiri kesho yake. Alimwita mjomba wake na majirani wawili, chai ikanywewa, ndipo akasogea mbele.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Lete neno.”

Akautoa ufunguo, akaushika kwa mkono wa kulia, hakuuachia kwanza. “Mjomba, gari hili nakuwekea amana. Mgonjwa au msiba, litoke hata usiku, usiniulize. Harusi na ngoma, nipigie simu kwanza. Anayeendesha ni mwanao mkubwa peke yake, kwa kuwa leseni anayo.”

Mzee aliyarudia maneno yale yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kusikika hadi uani. Kisha akauliza: “Na nikiitwa mimi na Mungu?” Mama akajibu: “Mjomba mdogo aushike, na hawa majirani ni mashahidi.” Hapo ndipo ufunguo ulipopokelewa.

Kwa nini mjomba? Kwa mila ya Kizaramo ukoo hufuatwa upande wa mama, na mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada zake. Ukimkabidhi yeye, umeukabidhi ukoo. Kijana akitaka kuliazima gari aende kutamba Pugu, hakutani na mlinzi wa kulipwa; anakutana na mtu atakayekaa kwenye kikao cha posa yake.

Kibaha mambo yamebadilika. Ule ni mji wa barabarani, umejaa watu wa makabila yote, na nyumba nyingi zimezungukwa na majirani wasio na undugu. Magari ya IT, yaani yanayopitishwa tu kwenda nje, hupita hapo kila siku kutoka bandarini kuelekea Tunduma na nchi za jirani. Jirani wa Kibaha anaweza kuwa Mchaga au Msukuma, mwema kabisa, asiyejua mjomba wako ni nani. Kwa hiyo huandikwa karatasi, mwenyekiti wa mtaa akashuhudia, na nakala ya kadi ya gari ikaachwa. Sioni ubaya. Karatasi inafanya kazi ile ile ya jamvi: maneno yasikike na watu zaidi ya wawili.

Kuna hesabu moja ambayo wenye magari huikosea. Zamani mtu akihamia mjini, aliacha minazi yake kwa ndugu, na mtunzaji akala nazi zake. Mnazi humlisha anayeutunza. Gari halizai, lenyewe ndilo linalokula. Linataka upepo wa tairi, betri ishtuliwe, na mtu aache shamba lake kila wiki mbili aje aliwashe na kulisogeza. Aliyekuachia mnazi alikuachia chakula, lakini aliyekuachia gari bila posho amekuachia kibarua. Wazee hawatadai, maana kudai kwa ndugu ni aibu. Wewe mwenye gari ndiye wa kuanza.

Na kazi ipo. Gari hulazwa wakati masika yanaingia, wakati mbaya kuliko wote. Unyevu wa Pwani huotesha ukungu kwenye viti, na panya hutafuta pakavu ndani ya boneti wakatafuna nyaya. Yule mjomba alilinyanyua gari kwa jeki, akaliweka juu ya matofali ili tairi zisibonyee, akafungua waya wa hasi wa betri kwa spana namba kumi, akaufunga kitambaa. Tofali moja alilitoa, akalibadilisha kwa sababu lilikuwa na ufa. Kila baada ya wiki mbili, na kila mgonjwa akitokea, alipaswa kulishusha na kuliwasha. Na hakuliweka chini ya mnazi, maana nazi ikianguka haichagui kioo. Mkorosho nao utomvu wake huchubua rangi.

Mimi mwenyewe niliwahi kumwachia gari rafiki kwa maneno matatu tu: “Litumie likihitajika.” Niliporudi nilikuta kwenye namba ya gari deni la faini za trafiki, shilingi 30,000 kwa kila kosa, na urafiki umepoa. Kila aliyelichukua alikuwa na haja ya kweli. Mmoja alipeleka mgonjwa hospitali ya Tumbi, mwingine alikwenda kumtoa mwali. Sikuweka mpaka, basi hakuna aliyeuvuka. Kosa lilikuwa langu.

Serikali imepunguza mzigo mmoja. Hadi mwaka 2017 gari lililolala lilidaiwa ada ya leseni ya kila mwaka kama linalotembea. Ada hiyo ilifutwa, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Lakini bima haijafutwa. Gari likitoka usiku na mgonjwa huku bima imekwisha tangu Juni, anayesimamishwa njiani ni mtoto wa mjomba wako, wewe uko umbali wa bahari mbili.

Kwa hiyo, ndugu unayefunga mabegi, usiache ufunguo kwenye droo. Kata bima ipite Novemba, weka posho ya mtunzaji na pesa ya mafuta ya mgonjwa mmoja, kisha ita mashahidi. Sema nani aendeshe na kwa lipi, na usiuachie ufunguo mpaka aliyekaa mbele yako ayarudie maneno yako kwa sauti.