Paka Mgonjwa Lushoto: Anza na Viroboto

Kwingine nchini, mtu akiokota paka aliyedhoofu nyuma ya soko huhofia kwanza meno na makucha yake. Lushoto hofu ya kwanza iwe viroboto. Mlipuko wa kwanza wa tauni katika wilaya hii ulitokea mwaka 1980, na kufikia 2004 walikuwa wameandikwa wagonjwa zaidi ya 7,000, na mamia walikufa. Vijiji vya upande wa Shume vilirudiwa tena na tena. Tangu hapo wagonjwa wamepungua sana, lakini bakteria wa tauni wanaweza kukaa kimya miaka mingi ndani ya panya wa mashambani na viroboto wao, kisha wakaibuka. Mwenye huruma na paka milimani huku anapaswa kulijua hilo kabla hajanyoosha mkono.

Paka na mbwa hawaugui tauni kwa namna moja. Mbwa akila panya mwenye ugonjwa, mara nyingi hupata homa ndogo au haonyeshi dalili yoyote, na damu yake hubaki na alama ya kinga. Ndiyo maana watafiti waliofuatilia tauni Lushoto walipima damu za mbwa, wapate kujua ugonjwa umepita wapi. Paka hana bahati hiyo. Anaugua vibaya na wengi hufa. Siku chache baada ya kula panya huyo hushikwa na homa kali, huacha kula, na tezi za chini ya taya na shingoni huvimba. Uvimbe ule ni mtoki, sawa na unaomtoka binadamu. Ukipasuka hutoa usaha wenye bakteria. Ugonjwa ukifika kwenye mapafu, paka akapiga chafya au kukohoa usoni pa mtu, unaweza kumwambukiza moja kwa moja bila kiroboto kuhusika. Magharibi ya Marekani, kati ya 1977 na 1998, watu 23 waliambukizwa tauni kutokana na paka, watano walifariki.

Sisemi haya ili paka wapigwe mawe. London mwaka 1665 wakuu wa jiji waliagiza mbwa na paka wauawe kwa hofu ya tauni. Panya bila shaka walifurahi. Uvimbe shingoni mara nyingi ni jipu tu la kung'atwa na dume mwenzake. Lakini jipu na mtoki huwezi kuvitofautisha kwa macho, basi usiukamue wala usiutumbue. Vaa glovu, au mfuko wa plastiki mkononi ukikosa glovu, funika pua na mdomo, mweke paka kwenye tenga au boksi lenye mfuniko, kisha mwite afisa mifugo. Ukipata homa au uvimbe kinenani, kwapani au shingoni ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, nenda hospitali na utaje paka. Tauni ina tiba nzuri kwa antibayotiki zinazopatikana nchini, mradi ianzwe mapema, na mganga asiyeambiwa habari ya paka anaweza kuhangaika na malaria kwanza.

Kiroboto humkimbia mnyama aliyekufa mara mwili unapoanza kupoa, akatafuta mwili mwingine wenye joto. Kwa hiyo paka mgonjwa aliyejaa viroboto huondolewa viroboto mapema, kabla hajaletwa jikoni karibu na watoto.

Hapa ndipo wasamaria wengi wanapoua. Lushoto ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na dawa ya kuogeshea haikosekani nyumbani. Nyingi kati ya dawa hizo, pamoja na nyingi za viroboto wa mbwa, zina pamethrini, saipamethrini au deltamethrini. Ng'ombe na mbwa wanazihimili. Ini la paka haliwezi kuzivunja upesi. Akipakwa hutetemeka, hushikwa na degedege, na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Panadol nayo ni hivyo hivyo: kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua. Nunua dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka, au umuulize mtaalamu. Kwa mtoto wa paka mdogo kabisa, maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitana cha chawa vinafaa kuliko dawa yoyote; kisha umkaushe vizuri.

Kumkausha si jambo dogo hapa. Mji wa Lushoto uko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni baridi kweli. Mtoto wa paka wa chini ya wiki tatu hawezi kutunza joto lake mwenyewe, na wengi wanaookotwa hufa kwa baridi kabla ya njaa. Mpashe joto kwanza kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa. Akiwa bado wa baridi usimlishe, maana tumbo lake halisagi. Maziwa ya ng'ombe humharisha. Kilicho bora ni kumtafuta paka jike anayenyonyesha, umsugue mtoto kwa kitambaa alicholalia jike huyo, kisha umweke katikati ya wanawe. Mara nyingi hupokelewa bila ugomvi.

Mgeni yeyote, isipokuwa mtoto aliyepata jike wa kumnyonyesha, akae chumba cha peke yake wiki mbili. Apewe dawa ya minyoo, achunguzwe vibarango, na akifikisha miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo haubagui. Akikukwaruza au kukuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende kituo cha afya.

Kumpatia makazi kuna ugumu wa namna yake. Milimani paka huombwa kwa sababu ya panya. Mahindi yanahifadhiwa darini, panya wanapanda, na kila mwenye nyumba anataka mwindaji. Sina ubishi na hilo, ila namuuliza anayemtaka kama anatumia sumu ya panya. Akisema ndiyo, simpi. Panya aliyelewa sumu hukamatika kirahisi, na paka akimla anaweza kufa kwa kutokwa damu ndani. Wapo pia wanaomnyima chakula ili awinde zaidi. Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Aliyeshiba anawinda, na mwenye njaa huhamia kwa jirani au huiba. Na asilale kitandani na watoto, hata akiwa safi kama theluji.

Asiyepata mwenyeji asitupwe msituni. Misitu ya Magamba na mingine ya milima hii ya Usambara ina ndege na vinyonga wasiopatikana kwingine duniani, na baadhi ya ndege hao hutafuta chakula chini kwenye majani makavu, mahali pazuri sana kwa paka mwenye njaa. Kumtupa mnyama ni ukatili kwake pia, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008.

Paka jike hubeba mimba miezi miwili tu, na anaweza kuishika akiwa na miezi mitano. Uokoaji hauwezi kushindana na hesabu hiyo bila kufunga kizazi na kuhasi madume. Maafisa mifugo wa Lushoto na Bumbuli, mnapotangaza siku ya chanjo ya mbwa kijijini, tajeni na paka kwa jina, na mje na daktari wa upasuaji angalau mara moja kwa mwaka. Wenye paka watakuja na matenga yao.