Ulimi Mkali Mbele ya Mgonjwa

Aghalabu husemwa kwamba ukali wa daktari bingwa ni dawa chungu inayowakomaza wanafunzi wake. Na madhali aliyekaripiwa jana ndiye anayekaripia leo, desturi hiyo imerithiwa hospitalini kizazi baada ya kizazi, kana kwamba bila ya fedheha hapana elimu. Wataalamu wameipima hoja hiyo, nayo haikusimama.

Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, Arieh Riskin, tabibu wa watoto wachanga nchini Israeli, pamoja na wenziwe, waliyapa makundi 24 ya wahudumu wa watoto njiti zoezi la kuigiza, ambamo mtoto alizidiwa ghafula na maradhi ya kuoza utumbo. Waliambiwa kwamba mtaalamu kutoka ng'ambo angewatazama. Baadhi yao walisikia kwake maneno ya kawaida tu. Wengine, walioangukiwa na kura, waliambiwa kwamba hakupendezwa na uganga aliouona katika nchi hiyo, na baadaye kidogo kwamba watumishi wa namna yao wasingedumu hata juma moja katika idara yake. Yalikuwa maneno mepesi, ambayo wengi wetu tungeyameza na kuendelea na kazi, wala hayakuihusu kazi waliyokuwa wakiifanya saa ile. Walakini waamuzi waliotazama picha za zoezi hilo, pasipo kujua nani alidharauliwa na nani alistahiwa, waliwapa waliodharauliwa alama haba zaidi katika kuutambua ugonjwa, na katika kazi ya mikono vilevile.

Sababu yake ndiyo yenye kustahili kuzingatiwa zaidi: waliodharauliwa waliambiana machache, na hawakuombana msaada kama wenzao. Maarifa waliyokuwa nayo asubuhi walikuwa nayo bado. Kilichopungua ni yale yanayopita kati ya mtu na mwenziwe, ambayo ndiyo uhai wa kazi inayofanywa na watu wengi juu ya mwili mmoja.

Huko Marekani, mwaka 2019, madaktari wanafunzi wa usingizi walijaribiwa katika upasuaji wa kuigiza, mgonjwa akivuja damu kwa ndani. Mbele ya mpasuaji mwenye adabu, kiasi cha 91 katika kila 100 walifikia kiwango kilichotazamiwa. Mbele ya mpasuaji mwenye papara na ufidhuli, 64 tu. Lakini walipotakiwa wajipime wenyewe, pande zote mbili zilijiona sawasawa. Jambo hilo hunitisha kuliko hesabu yenyewe, kwa kuwa anayeapa kwamba makaripio hayamdhuru husema kweli ya moyo wake, ilhali damu ya mgonjwa inazidi kupotea.

Na uonevu huu si wa nadra. Mwaka 2015, Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Australia na New Zealand kiliwauliza watu wake, na 49 kwa mia ya waliojibu wakakiri kupatwa na ubaguzi, uonevu au udhalilishaji wa kijinsia. Rais wa chuo, David Watters, aliomba radhi hadharani. Wengi walikuwa wamechelea kushtaki, wakihofu kuiua kazi yao wenyewe. Na ni nani asiyechelea, ikiwa mshtakiwa ndiye mwenye kuandika kwamba mwanafunzi amefaulu au ameshindwa?

Woga huo waweza kupunguzwa hata kwa jambo dogo. Kwetu Tanzania, Ifakara ilikuwa miongoni mwa miji 8 ulimwenguni ilipojaribiwa orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo huagiza kwamba kabla ya kisu kugusa ngozi kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Kwa jumla ya hospitali za miji hiyo, vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa mia. Orodha ina mambo mengi, wala sidai kwamba kutajana majina peke yake ndiko kulikookoa roho hizo, ila sioni udhuru wa kukiruka kipengele hicho kwa ajili ya haraka, maana muuguzi mdogo aliyekwisha kusikika mara moja, akitaja jina lake mbele ya wakubwa wake, huona wepesi zaidi kunena mara ya pili, pale inapompasa kusema, "Daktari, kitambaa kimoja hakionekani."