Pangani: Mji wa mtoni ulioegemea mikono ya mafundi

MSAFIRI ashukaye Pangani, kusini mwa Tanga, huonyeshwa kwanza Boma la kale, akasimuliwa habari za Abushiri bin Salim, aliyenyongwa na Wajerumani mjini humo Desemba 1889. Hayo ni ya kujua, ila yasikumalizie siku.

Teremka mtoni, hapo pa kuvukia kwenda Bweni, usikilize mlio wa tezo. Chombo huanza na mkuku, kikatiwa mataruma, ndipo mbao zikapigiliwa. Baina ya ubao na ubao fundi hushindilia pamba iliyotiwa mafuta. Kazi hiyo huitwa kalafati. Akiiharakisha, chombo huvuja, na baharini kuvuja si mzaha. Vipimo havimo karatasini, vimo kichwani mwake. Fundi azeekaye bila mwanafunzi huondoka navyo.

Mkeka nao una hesabu yake. Ukindu hukatwa, huanikwa, huchanwa, ukachemshwa katika rangi, kisha husukwa ukili mwembamba unaoshonwa ubavu kwa ubavu. Ni kazi ya majuma, na aghalabu hufanywa na wanawake baada ya shughuli za nyumbani. Mgeni anayeng'ang'ania apunguziwe nusu ya bei hakati faida ya mchuuzi. Anakata ujira wa mama huyo, ambao mikeka ya plastiki imekwisha kuubana.

Kwa hiyo ukiweza nunua kwa msusi mwenyewe, umwulize siku alizotumia kabla ya kutaja bei yako. Na usimpige picha kabla ya kumwamkia.