Saratani ya Matiti: Muulize na Shangazi

Mgonjwa akiulizwa kliniki, "Kwenu kuna aliyewahi kuugua saratani ya matiti?" mara nyingi mawazo yake humwendea mama, kisha bibi mzaa mama, kisha dada zake mama. Wote wakiwa wazima, anajibu hapana, na faili linaandikwa hapana. Nusu nzima ya ukoo imeachwa nje. Jeni zinazoongeza hatari ya ugonjwa huu hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama, na baba anaweza kumpitishia bintiye hitilafu hiyo bila yeye mwenyewe kuugua maisha yake yote.

Kwanza tupime ukubwa wa jambo lenyewe. Saratani nyingi za matiti hazirithiwi. Ni kama asilimia 5 hadi 10 tu zinazotokana na hitilafu moja kubwa iliyotoka kwa mzazi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2001, uliokusanya tafiti 52 za nchi mbalimbali, ulionyesha kuwa wanawake 8 kati ya 9 walioupata ugonjwa huu hawakuwa na mama, dada wala binti aliyewahi kuugua. Kwa hiyo ambaye kwao hakuna historia asijione amesalimika: uvimbe kwenye titi uchunguzwe, hata uwe wa nani. Mwenye mama au dada mmoja aliyeugua, hatari yake inakaribia mara mbili ya wengine, na wengi wa namna hiyo hawaugui kamwe.

Jeni zinazojulikana zaidi ni BRCA1 na BRCA2. Sote tunazo, wanaume kwa wanawake, nakala moja kutoka kwa kila mzazi. Kazi yake ni kutengeneza protini zinazounga vinasaba vinapokatika ndani ya seli. Aliyerithi nakala moja mbovu huishi kwa kuitegemea ile nzima. Hiyo nayo ikiharibika katika seli ya titi, makosa huanza kulimbikizana bila wa kuyarekebisha. Mwanamke mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 60 wa kupata saratani ya matiti maishani, na mara nyingi humjia mapema. Hatari ya saratani ya ovari nayo hupanda sana. Kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Huko kuja mapema ndiko kulikofumbua fumbo. Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani Mary-Claire King na wenzake walikuwa wamekusanya koo 23 zenye wagonjwa 146. Zote zikichanganywa, ishara ilikuwa ngumu kuiona. Walipozipanga kwa umri wa kuugua, koo ambazo wanawake waliugua wakiwa bado vijana zilielekeza kwenye kromosomu ya 17. BRCA1 yenyewe ilipatikana mwaka 1994. Umri ambao daktari anakuuliza leo, huku ukidhani anajaza fomu tu, ndio uliowaongoza wale watafiti.

Sasa rudi upande wa baba. Tuseme baba ana kaka wanne na hana dada. Hitilafu inaweza kutoka kwa bibi aliyefariki zamani, ikashuka kwa wanawe wa kiume kimyakimya, ikajitokeza kwa mjukuu wa kike akiwa na miaka 34. Watu husema ugonjwa umeruka kizazi, kumbe jeni imepita kizazi hicho bila kuonekana. Wanaume nao huugua saratani ya titi, ingawa kwa nadra, na akitokea mmoja, hiyo ni dalili nzito katika ukoo wowote.

Pale baba anapokuwa na dada, mwenye habari hizi kwa kawaida ni huyo shangazi. Yeye ndiye aliyemuuguza bibi na kumwogesha, akaona kilichofichwa chini ya kanga. Usitegemee atasema saratani, kwa sababu huenda hakuna aliyewatajia jina hilo. Utasikia jipu la ziwa lisilopona, kidonda kifuani, au tumbo lililojaa maji, ambalo huenda lilikuwa ovari. Andika anavyosema, tafsiri mwachie daktari. Miaka ya kuzaliwa ikikosekana, uliza kwa matukio: alifariki kabla ya vita vya Kagera au baada? Kitinda mimba wake alikuwa ameanza shule? Aliyefariki akiacha mtoto wa kunyonya hakuwa bibi kizee, na kwetu sisi kliniki jibu hilo lina thamani kubwa. Hakikisha pia undugu ni wa damu, maana mama mdogo anaweza kuwa mdogo wake mama au mke wa baba mdogo.

Vizazi vitatu vinaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, aliyeugua anatiwa wino, marehemu anapigwa mstari, na pembeni unaandika umri. Ukiona upande mmoja una wagonjwa wawili au zaidi, au aliyeugua kabla ya miaka 50, au matiti yote mawili, au ovari, upeleke ukurasa huo hospitali ya rufaa.

Kipimo cha jeni bado ni ghali kwa wengi wetu, na ni vizuri kianze kwa aliyeugua. Akipimwa mzima peke yake na kukutwa hana kitu, hatujui bado waliougua walikuwa na nini. Hata hivyo kinatuhusu kabisa: katika utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 2018, asilimia 14.7 ya wagonjwa zaidi ya 1,100 walikuwa na hitilafu ya kurithi, dhidi ya asilimia 1.8 ya wanawake wasiougua. Tatizo ni kwamba kumbukumbu za kulinganishia zimejengwa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, hivyo Waafrika hupewa mara nyingi zaidi jibu la badiliko lisilojulikana maana yake. Jibu la namna hiyo lisimfanye mtu akatwe titi.

Hata bila kipimo, ukurasa ule unafanya kazi. Kama mama aliugua akiwa na miaka 42, madaktari wengi wataanza kumchunguza bintiye akiwa na 32. Toa nakala umpe na kaka yako, kwa ajili ya mabinti zake.