Gitaa la Besi kwa Mkono Uliopungukiwa Kidole
Sehemu ya Pili: Mkono ukibadilika, ibadilishwe njia

Wiki iliyopita tuliangalia jeraha lenyewe: jinsi nyundo na moko (patasi za wachimbaji), mikanda ya karasha na mashine za kukoboa mpunga zinavyojeruhi vidole vya vijana wa ukanda wetu wa dhahabu, na kwa nini kidonda kilichocheleweshewa tiba huacha kidole kigumu hata pale ambapo hakikukatika. Leo tunamchukua mtu ambaye daktari ameshamruhusu kuutumia mkono wake, ngozi imefunga na maumivu yametulia. Anataka kurudi kwenye besi. Aanzie wapi?

Ninawaandikia hasa wapiga besi wa kwaya za Ushirombo na za vijiji vinavyotuzunguka, kuanzia Runzewe hadi Masumbwe. Kwaya ndizo shule zetu za muziki. Kijana hujifunza besi kwa kumtazama aliyemtangulia, akarithi mpangilio wake wa vidole, na siku anapoumia mkono wa kushoto huamini kwamba mpangilio ule ndio pekee uliopo. Anakabidhi gitaa kwa mwingine na kurudi kwenye benchi la waimbaji, au haji tena mazoezini. Kwaya inampoteza mtu ambaye sikio lake limekomaa kwa miaka. Jambo hili linaniuma kwa sababu mara nyingi halina ulazima. Shingo ya besi hutoa sauti ileile katika zaidi ya sehemu moja, na kazi ya besi inahitaji noti chache zilizopigwa kwa wakati wake. Mkono ukibadilika, njia inaweza kubadilishwa.

Vidole vilivyobaki

Kwanza tuondoe lawama isiyo ya haki. Wengi waliopoteza kidole kimoja husema kwamba hata vile vizima vimelegea, na wenzao huwaambia ni uvivu wa mazoezi. Sivyo. Misuli inayokunja ncha za vidole haiko kwenye vidole vyenyewe. Iko chini ya kiwiko, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Kano za kidole cha kati, cha pete na cha mwisho hutoka kwenye msuli mmoja ulioungana. Kano moja ikinaswa na kovu, au ikishikiliwa kwenye kigutu, huwazuia wenzake wasivute hadi mwisho. Kidole cha shahada hujitegemea zaidi.

Maana yake kwa mpiga besi ni kwamba nguvu zake hazitarudi kwa kubana zaidi. Zitarudi kwa kupunguza kazi ya kila kidole. Bana waya karibu kabisa na freti, nyuma yake kidogo, wala si katikati ya nafasi, kwa kuwa hapo sauti hutoka safi kwa nguvu ndogo. Nyoosha kifundo cha mkono. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo kwa wepesi, tayari kusafiri pamoja na mkono.

Hesabu ya shingo

Besi ya kawaida ina waya wenye urefu wa inchi 34, yaani sentimita 86 hivi, kutoka kichwani hadi kwenye daraja. Nafasi za freti hupungua kadiri unavyopanda. Kutoka freti ya kwanza hadi ya nne ni kama sentimita 13, lakini kutoka ya tano hadi ya nane ni kama sentimita 10 tu. Mkono usioweza kutanuka chini ya shingo unaweza kabisa kufanya kazi ileile juu zaidi.

Na hiyo kazi ileile ipo kweli. Freti ya tano ya waya wa E hutoa sauti ya waya wa A ulio wazi. Freti ya tano ya A hutoa D, na ya tano ya D hutoa G. Kwa hiyo C iliyo kwenye freti ya tatu ya waya wa A utaikuta tena kwenye freti ya nane ya waya wa E. Aliyeumia anapaswa kuijua ramani hii kuliko mwingine yeyote, kwa sababu yeye ndiye atakayehitaji kuchagua.

Ukibakiwa na vidole vitatu

Walimu wengi hufundisha kidole kimoja kwa kila freti, vidole vinne kwa freti nne. Utaratibu huo ni mzuri kwa mkono mzima, lakini haukuwahi kuwa sheria ya besi zote. Wapiga besi kubwa ya kusimama, ile ya okestra, wamefundishwa tangu karne ya 19 kwa mbinu ya Franz Simandl, mwalimu aliyefanya kazi Vienna. Katika sehemu ya chini ya shingo, mbinu hiyo hutumia kidole cha shahada, cha kati na cha mwisho peke yake. Cha pete hukisaidia tu cha mwisho. Vidole hivyo vitatu hufunika nafasi ya freti tatu, kisha mkono mzima unahama.

Basi aliyepoteza kidole cha pete ana mbinu iliyokamilika inayomsubiri. Aliyepoteza cha mwisho atumie shahada, kati na pete kwa utaratibu uleule. Aliyepoteza cha kati abane kwa shahada, pete na cha mwisho. Mwenye kazi ngumu zaidi ni aliyeumia shahada, kwa sababu ndicho kidole kinachoongoza mkono. Yeye akifanye cha kati kuwa kiongozi, na ajizoeze kuhama mapema, kabla noti haijafika.

Ukibakiwa na viwili

Hapa tuna shahidi mkubwa. Mpiga gitaa Django Reinhardt alizaliwa Ubelgiji mwaka 1910. Mwaka 1928 moto uliteketeza gari la kuishi la familia yake, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, cha pete na cha mwisho, vikaharibika. Alijifunza upya. Nyimbo za haraka alizipiga kwa shahada na cha kati, huku vile viwili vilivyopinda akivitumia pale vilipoweza kubana nyuzi za juu katika kodi. Mwaka 1934 alianzisha pamoja na mpiga fidla Stéphane Grappelli kundi la Quintette du Hot Club de France, na hadi leo wapiga gitaa wenye vidole vyote humwiga. Siri yake moja iko wazi kwa anayemsikiliza: alisafiri kwa urefu wa shingo badala ya kutanua vidole akiwa mahali pamoja.

Kwenye besi jaribu hivi, katika ufunguo wa C. *Do* ipige kwenye freti ya tatu ya waya wa A kwa kidole cha kati. *Re* ni waya wa D ukiwa wazi. *Mi* ni freti ya pili ya waya wa D kwa shahada, na *fa* ni ya tatu kwa kidole cha kati. *So* ni waya wa G ukiwa wazi, na *la* ni freti yake ya pili kwa shahada. Sasa hamisha mkono mara moja: *ti* iko freti ya nne kwa shahada, na *do* ya juu iko freti ya tano kwa kidole cha kati. Umepanda ngazi nzima kwa vidole viwili na hatua moja ya mkono.

Kidole kisicho na ncha

Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza, alikuwa na umri wa miaka 17 alipokatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati. Hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono ulioumia, wa kulia, ndio uliokuwa wa kubana nyuzi. Msimamizi wake kazini alimsikilizisha santuri ya Django, na kijana akapata moyo. Alitengeneza vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akavivika ngozi ili vishike waya. Alitafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akaanza kuzilegeza nyuzi chini ya kiwango cha kawaida. Sauti nzito ya bendi yake, Black Sabbath, ilikua pamoja na ufumbuzi huo.

Kifuniko cha ngozi laini kinaweza kushonwa na fundi viatu yeyote wa Ushirombo. Lakini anza kwa kuizoesha ngozi ya kigutu: isugue taratibu kwa pamba, kisha kitambaa laini, kisha kitambaa kinachokwaruza kidogo, ukiongeza ukali siku hadi siku. Mwenye kidole kilichokufa ganzi, kwa kukatika mshipa wa fahamu au kwa ukoma, akitazame kwa macho kila baada ya kupiga. Kidole kisichohisi hakitamwambia kwamba kimechubuka.

Nyuzi zisizobanwa

Sasa nawageukia walimu wa kwaya, kwa sababu hapa uamuzi ni wenu. Katika ufunguo wa A, *do*, *fa* na *so* zote tatu ni nyuzi zilizo wazi: A, D na E. Katika ufunguo wa D ni D, G na A. Mpiga besi anaweza kushikilia mihimili mitatu ya wimbo bila kubana waya hata mmoja, na vidole vyake vibaki kwa ajili ya noti za kupita. Akumbuke tu kuuzima kwa kiganja waya uliokwisha fanya kazi, usiendelee kulia chini ya noti inayofuata.

Waimbaji wakiona A iko juu, nyuzi zote za besi zishushwe nusu sauti. Mpigaji atapiga vilevile, na kwaya itaimba katika A bemoli. Kushusha huko hupunguza mkazo wa nyuzi kwa asilimia 11 hivi, na kushusha sauti nzima hupunguza kama asilimia 21. Mkono uliojeruhiwa hupata nafuu hiyo bila kununua kitu.

Kugeuza gitaa

Kwa aliyebakiwa na kidole kimoja mkono wa kushoto, au anayeanza kujifunza akiwa tayari ameumia, ninashauri gitaa ligeuzwe: nyuzi zifungwe upya kwa mpangilio wa mashoto, mkono mzima ubane, ulioumia upige. Mkono wa kupiga hauhitaji vidole vingi. James Jamerson, aliyebeba besi za nyimbo nyingi za kampuni ya Motown huko Detroit, alipiga kwa kidole cha shahada peke yake. Jirani yetu Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alipiga gitaa lake kwa gumba na shahada, na ukimsikiliza utadhani wapo wawili.

Ombi langu kwa viongozi wa kwaya ni moja. Kijana akiumia, msimpe mwingine nafasi yake kabla hajajaribu njia hizi. Mpeni nyimbo chache, funguo nyepesi na muda. Na wewe uliyeumia, anza na vipindi vifupi, simama maumivu yanapoanza, na mtazamo wa mtaalamu wa tiba ya viungo wa hospitali uupe uzito kuliko ushauri wa jukwaani.

Wiki ijayo, katika sehemu ya mwisho, tutaligusa gitaa lenyewe: unene wa nyuzi, kimo chake juu ya shingo na besi za shingo fupi. Tutazungumza pia na yule ambaye vidole vyote vipo lakini vinatetemeka baada ya miaka ya kuchoma zebaki. Huyo, kabla ya makala yangu, aende kwanza hospitali.